Fundi gani anamtolea mteja tableti yake kama sinia? Watu wa Tanga ingieni humu

Mkata Tiketi wa Kange

Wagosi, naandika mikono inatetemeka na sijatia kitu mdomoni tangu saa nne asubuhi. Herufi zikikosewa mnisamehe.

Yule fundi mnamjua. Simtaji, na sina haja ya kumtaja. Yule wa Ngamiani mwenye redio isiyozimwa na miwani ya kufunga kwa kamba, anayesema "kesho asubuhi" tangu enzi za simu za tochi. Hakuna aliyeharibikiwa na simu mji huu asiyelijua benchi lake. Basi ndiye huyo huyo.

Leo kanitolea tableti yangu kama sinia.

Nielewe vizuri. Sisemi kaiita sinia. Kanitolea KAMA SINIA. Katoka nayo ndani kaishika kwa mikono miwili, viwiko kavibana mbavuni, anatembea polepole kama mwari anayepeleka chai kwa wakwe. Juu ya kioo kuna kikombe cha kahawa, kashata mbili na ganda la muhogo. Benchini tuko watu tisa. Akasema: "Karibuni."

Karibuni!

Ngoja nirudi nyuma. Tableti yenyewe ni Fire 7 ya Amazon, toleo la mwaka 2019. Shemeji yangu aliniletea kutoka Marekani, na wakati inatoka huko iliuzwa dola 50 kasoro senti moja. Ni ya kusomea vitabu, haina hata mahali pa laini, inatumia waifai tu. Mimi kazi yangu tiketi pale stendi. Kati ya basi na basi wenzangu wanacheza drafti na kusengenya madereva, mimi nasoma. Nilikuwa na vitabu 41 humo, vyote PDF, nimevitia kimoja kimoja kwa waya, usiku, mke wangu akiniuliza nachati na nani.

Tatizo lake haina Google Play. Ina duka la Amazon peke yake, na programu nusu ya ninazozitaka humo sizioni. Nikasema fundi si yupo.

Nikampelekea. Akaipindua, akainusa (wallahi aliinusa), akasema, "Hii mpaka tuiflashi," yaani aufute mfumo wake autie upya. "Elfu 30." Tukashushana mpaka 15,000. Njoo kesho asubuhi. Hiyo kesho imekuja baada ya siku kumi na moja. Kila nikipita jibu ni moja, "bado inashusha." Siku kumi na moja inashusha! Meli ya mkonge bandarini ingekuwa imeshusha, imepakia na imeng'oa nanga.

Leo ndiyo nafika. Ndiyo akatoka nayo. Mikono miwili. Kikombe. Kashata mbili. Karibuni.

Muuza kahawa mwenyewe, mwenye kikombe chake, alicheka mpaka akatua birika chini. Muuza kahawa wa mji huu kutua birika mkono ukiwa na biashara, mnaujua uzito wa jambo hilo.

Namuuliza mbona hivi, ananijibu kwa sauti ya mnada, "Kaka, kwa programu haifai hii. Kwa kahawa imetulia." Benchi likaanguka. Sitii chumvi hapo, benchi lilianguka kweli, ule mguu wa tofali ulichomoka. Wakaanguka tisa, wa kwanza mimi.

Kuiwasha: vitabu 41 havipo. Kairudisha kama ilivyotoka kiwandani, hata kuniuliza hakuniuliza. Google Play ipo, alama yake naiona. Nikiigusa inafunguka inajifunga, inafunguka inajifunga, kama mlango wa choo cha stendi upepo ukivuma. Kioo kina duara la kitako cha kikombe ambalo nimelifuta kwa kanzu yangu na limekataa kutoka.

Na pesa kachukua. Nilimpa elfu 20. Hiyo chenji, jamani, hiyo chenji aliiweka juu ya kioo, pembeni ya kashata, akanisukumia.

Natoka zangu, katoto ka darasa la nne kamekaa kwenye ndoo kananiambia, "Kwaheri baba Sinia."

Sasa niambieni nifanye nini.

Chungwa la Muheza

Kashata ulikula?

Binti Makorora

Pole kaka. Nimecheka niko msibani, imebidi nijifunike kanga uso mzima. Wenzangu wamedhani nalia, nimebembelezwa.

Mkata Tiketi wa Kange

@Chungwa la Muheza nimeleta malalamiko mazito, unaniuliza kashata?

Chungwa la Muheza

Hujajibu.

Mkata Tiketi wa Kange

Moja.

Mtaalamu wa Waya

Mgosi Sinia, samahani, mgosi Kange. Umeibiwa mchana kweupe na nitakueleza ulivyoibiwa.

Kitu hicho hakihitaji kuflashiwa kabisa. Mfumo wake, Fire OS, ni Android iliyovishwa kanzu nyingine, na hiyo ya kwako ya 2019 imejengwa juu ya Android 7.1. Unaingia kwenye mipangilio, sehemu ya usalama, unairuhusu ipokee programu kutoka nje ya duka lake. Halafu unaweka faili nne, na zinakwenda kwa foleni: Google Account Manager kwanza, ifuate Google Services Framework, ifuate Google Play Services, na Google Play Store ya mwisho. Ukimaliza usifungue kitu. Zima, washa, ndipo uingize akaunti. Hapo uiache itulie maana Play Services itajisasisha yenyewe nyuma ya pazia, na usipokuwa na subira utadhani imekufa.

Huyo bwana wa kashata ameweka ile ya nne akaenda zake kula muhogo. Ndiyo maana inafunguka inajifunga. Inaita wenzake watatu, hawapo. Au kaziweka zote lakini matoleo hayalingani na Fire OS yako, dalili ni hizo hizo.

Kama ina memori kadi, itoe kabla ya kuanza, faili zikijipeleka huko zinaleta vurugu. Kazi yote ni nusu saa na intaneti nzuri. Elfu 15 na siku kumi na moja, hapana.

Mkata Tiketi wa Kange

Ahsante mtaalamu. Lakini uliiona ile picha ya mtu kushika kwa mikono miwili?

Mtaalamu wa Waya

Nimeiona, mgosi. Nasema kuhusu faili.

Mkata Tiketi wa Kange

Faili nimekuelewa. Nasema viwiko alivibana.

Mzee wa Raskazone

Hicho kidude ninacho, mwanangu aliniachia. Cha kwenu kinafunguka kinajifunga, changu kila nikikiamsha kinanionyesha tangazo kwanza. Leo alfajiri nimekiwasha nisome Kurani yangu, kikanikaribisha na tangazo. Nani aliyeliita?

Mtaalamu wa Waya

Shikamoo mzee. Hilo ni la bei. Ile ya bei ya chini wanaiuza pamoja na matangazo kwenye kioo kikiwa kimefungwa. Ukitaka yaondoke unawalipa mara moja, yanaondoka.

Mzee wa Raskazone

Marahaba. Yaani nilipe ili mtu aondoke mlangoni kwangu. Haya.

Binti Makorora

Kaka na vile vitabu 41 ndiyo basi tena?

Mtaalamu wa Waya

Alivyonunua kwa akaunti vingerudi akiingia tena, vinakaa huko huko kwa wenyewe. Hivyo vya kuingiza kwa waya vilikuwa ndani ya mashine, na mashine imefutwa. Avitafute kwenye kompyuta alikovitoa.

Mkata Tiketi wa Kange

Kompyuta ilikuwa ya mpangaji mwenzangu. Kahamia Korogwe.

mgeni_mpya

Habarini wadau mimi mgeni humu leo ndiyo najiunga. Nadhani tumsikilize na fundi jamani, mafundi wanapitia mengi. Kwanza kile kikombe kilikuwa kikavu chini, hakiwezi kuacha duara. Pili haikuwa kahawa ilikuwa chai ya tangawizi.

Chungwa la Muheza

😂😂😂😂

Binti Makorora

Mgeni umejuaje ni tangawizi?

mgeni_mpya

Nahisi tu.

Mkata Tiketi wa Kange

NI YEYE. Wagosi ni yeye! Nimekaa kimya muda wote huu na yumo humu anasoma! Nirudishie vitabu vyangu!

mgeni_mpya

Mimi si fundi. Lakini kama ningekuwa fundi ningesema mteja aliambiwa ahamishe vitu vyake kabla, akajibu "we fanya tu." Na benchi aliliangusha yeye, tofali halijarudi sawa mpaka sasa.

Mzee wa Raskazone

Ulisema "we fanya tu"?

Mkata Tiketi wa Kange

Mzee, nilisema. Ila niliisema kwa maana ya afanye haraka. Sikusema afanye sinia.

Wagosi wa Kaya 88

Mwenye uzi naye makosa. Mtu mzima unakwenda kwa fundi, unaacha kitu, hata kukipiga picha hukupiga. Mimi redio yangu ilirudi na spika moja, na ilikwenda na mbili. Namuuliza, ananiambia hii nyingine ilikuwa inaizidi nguvu mwenzake.

Shangazi Kitenge

Nyie mnalia na redio na vibao vya kusomea, mimi na fundi cherehani niseme nini? Nilimpa kitenge doti nzima wiki tatu kabla ya Idi. Usiku wa kuamkia sikukuu nikamkuta ndiyo anakipima kwa macho. Asubuhi gauni limekuja, mkono mmoja mrefu, mmoja mfupi. Nikamuuliza, akasema huo mfupi ni wa kushikia sahani. Nimesali Idi nimejifunga ushungi mpaka kiunoni kama mgonjwa wa malaria. Na mtoto wa jirani kavaa blauzi ya KITENGE CHANGU. Kile kile. Ua lile lile.

Binti Makorora

Huyo namjua shangazi. Hata mimi anacho changu.

Chungwa la Muheza

Wa baiskeli je? Nimepeleka kuziba pancha, nimerudishiwa tairi lingine kabisa, lina viraka vitano na mimi nilikuwa na pancha moja. Mji mzima huu tunaendesha matairi ya wenzetu.

Wagosi wa Kaya 88

Mji huu umeharibika tangu watu waache kwenda Mkwakwani. Mwaka 1988 sisi Coastal Union tunachukua ubingwa wa nchi, fundi alikuwa anakupa kitu chako siku ile ile ili mwende wote mpirani.

Chungwa la Muheza

Jina lako tu linatosha, mgosi, umekaa mwaka 1988 hujahama mpaka leo. Sisi wa African Sports tunaomba tupumzike.

Wagosi wa Kaya 88

Pumzikeni, mmezoea.

Mzee wa Raskazone

Nilikuwepo uwanjani miaka hiyo. Mnabishana na mimi nipo.

Mkata Tiketi wa Kange

Jamani naomba turudi kwenye mada. Alisema "Karibuni."

Mtaalamu wa Waya

Mgosi njoo nayo Jumapili baada ya adhuhuri, Chumbageni, nikuwekee bure. Njoo na chaja na waya wake mwenyewe. Chai nakunywa mbali na kazi, usiogope.

mgeni_mpya

Bure ni ghali wadau, na kama ikiungua mtamlaumu nani?

Mkata Tiketi wa Kange

Wewe nyamaza. Ganda la muhogo lilikuwa la nini? Nijibu hilo tu. Kikombe nimekuelewa, kashata nimekuelewa. Ganda!

mgeni_mpya

Dasti bini ilikuwa imejaa.

Binti Makorora

Nimerudi kufunikwa kanga.

Mama Masinia Makorora

Samahanini, nimeona mnazungumzia masinia. Mimi nakodisha. Masinia ya pilau makubwa, ya alumini, hayajapinda, 500 kwa moja kwa siku. Masufuria pia ninayo na miko yake. Atakayepoteza analipa. Napatikana Makorora, njooni inboksi.

Shangazi Kitenge

Mama nakufahamu, ulitukodishia kwenye arobaini ya marehemu kaka. Masinia yake mazuri jamani, sema yana alama ya rangi nyekundu kitakoni, msije mkayaiba.

Wagosi wa Kaya 88

500 si nyingi? Kule Duga nilikodi kwa 300.

Mama Masinia Makorora

Ya Duga yana matundu, baba. Mchuzi unaishia mkekani.

Mkata Tiketi wa Kange

Mama shikamoo. Jumamosi ya wiki ijayo tuna ndoa ya binamu yangu, huko huko Duga. Wageni kama mia mbili. Sinia moja wanakaa wangapi?

Mama Masinia Makorora

Marahaba mwanangu. Watano, kama si wa Coastal.

Mkata Tiketi wa Kange

Niwekee 40. Na usafiri upo?

Mama Masinia Makorora

Mjukuu wangu ana guta, atakuletea. Na vikombe nikuwekee vingapi?

Mkata Tiketi wa Kange

Vikombe sitaki, mama.