Mafundi wa Nairobi, acheni kufanyia majaribio ya mkia wa njiwa kwenye sanduku la mteja!

Wadau, hili limefika shingoni. Kuanzia vibanda vya Ngong Road hadi Gikomba, kila mahali kuna sanduku la mbao linalonadiwa kuwa limeungwa kwa mkia wa njiwa (dovetail: ncha ya ubao mmoja inakatwa mikia inayopanuka, inaingia kati ya meno ya ubao wa pili), kazi ya mkono, na bei imepandishwa kwa sababu ya hizo kona. Kwangua vanishi kidogo uone. Mikia imezungukwa na rojo la vumbi la mbao na gundi nyeupe, na kwa ndani kuna msumari uliokatwa kichwa. Fundi alikuwa anajifunza, mteja akalipa karo.

Kujaribu si dhambi. Jaribu kwenye vipande! Mabaki ya saipresi ya inchi sita kwa moja yamejaa nje ya kila yadi ya mbao. Chukua viwili vya futi moja, unga kona, ikikataa kata ncha uanze upya. Kila jaribio linakula sentimita mbili na nusu hivi, kwa hiyo vipande hivyo viwili vinakupa kona zisizopungua nane kabla hujagusa mbao ya mtu.

Sasa makosa yenyewe, maana ni yale yale kila siku.

Mteremko wa mkia: saipresi na paini ni 1 kwa 6 (unainama kipimo 1 kwa kila 6 vya urefu), mvule na mahogani ni 1 kwa 8. Watu wanakata kwa macho. Mkia ukilala sana, pembe zake zinabaki na nyuzi fupi, ukigonga zinamenyuka. Ukisimama sana, hakuna kinachoshika isipokuwa gundi. Na ile penseli nene ya bapa iacheni kwa watu wa paa. Kata mikia kwanza, ulaze ubao huo juu ya kichwa cha ubao wa pili uliobanwa wima kwenye jiriwa, ufuate kingo za mikia kwa ncha ya kisu. Msumeno upite kwenye sehemu ya kutupa, mstari ubaki. Uwe msumeno mdogo wenye mgongo wa chuma, meno 14 au zaidi kwa inchi.

Patasi ndiyo inayoharibu kazi nyingi kuliko yote. Fundi anaiweka juu kabisa ya mstari wa kina (pale mkato unapoishia), anagonga kwa hasira. Patasi ni kabari: upande wake wa mshazari unaisukuma nyuma, inavuka mstari. Ndiyo ule mwanya mweusi unaouona kwenye shina la mkia hata gundi ikikauka. Anza milimita moja mbele ya mstari, ndani ya sehemu ya kutupa. Toa kidogo kidogo mpaka katikati ya unene, geuza ubao, fanya hivyo hivyo upande wa pili, ndipo umalizie kwenye mstari wenyewe kwa kugonga polepole. Ukichimba kutoka upande mmoja tu hadi utokeze, nyuzi za upande wa pili zinabanduka. Na saipresi haitaki patasi butu, nyuzi zinapondeka badala ya kukatika. Inoe mpaka inyoe malaika ya mkono, katikati ya kazi irudishe kwenye jiwe.

Ukishaona mikia inaingia nusu bila kulazimishwa, inatosha, paka gundi. Hii ya kuunganisha na kuchomoa mara tano "kuona kama inakaa" inasugua kuta mpaka kiungo kinalegea.

Halafu mbao mbichi, bana! Imepasuliwa juzi, imesimamishwa kando ya barabara inyeshewe na mvua ya Aprili, wiki hiyo hiyo ni sanduku. Ubao hausinyai kwa urefu kiasi cha kuonekana, unasinyaa kwa upana na unene. Urefu wa jino ulipimwa kwa unene wa ubao wa mikia. Ubao ukikauka unakuwa mwembamba, jino linabaki na urefu wake. Pitisha kidole kwenye kona baada ya miezi michache: vichwa vya meno vimechomoza, vanishi imepasuka kuvizunguka. Subirini unyevu ushuke hadi asilimia 12 hivi.

Jambo la mwisho, kitako. Anayegundisha kitako cha mbao nzima pande zote nne anajitafutia kona zilizoachia. Chimba mfuo, weka plaiwudi bila gundi. Mfuo wa ubao wa mikia usipitilize hadi mwisho, utaacha tundu nje ya kona.

Jiriwa_Kuukuu: Boss, yote kweli, lakini mteja anataka sanduku Ijumaa na amekata bei mpaka imebaki ya misumari. Ukimwambia mbao ikauke kwanza anavuka barabara kwa jirani.

Mwenye uzi: Basi muuzie la misumari na umwambie ni la misumari. Au unga kwa meno ya mraba: hayana hesabu ya mteremko, na gundi inapata eneo kubwa la kushika. Ninacholalamikia ni kuuza rojo kwa bei ya ufundi.

Vumbi_Tupu: Umewasahau wa routa (mashine ya kuchonga mbao kwa biti inayozunguka). Wanakodi mashine na kiolezo, wanakata sanduku zima kabla ya kupima kona moja. Kwa mikia iliyofichwa (isiyoonekana upande wa mbele), kiungo kikilegea biti ichimbe kina zaidi, kikikaza sana ipunguze kina, robo milimita kwa mara moja, na kila ukirekebisha kata kipande cha majaribio chenye unene ule ule wa mbao ya kazi. Ukipima kwa plaiwudi halafu ukate mahogani ya unene mwingine, umepima bure.