Mafundi mnaojaza oili ya breki ya gari kwenye breki za baiskeli za Shimano, mtaua watu

Wakuu, uzi huu ni wa hasira na sitauremba.

Anayenunua baiskeli ya mlimani ya mtumba yenye breki za oili hachelewi kukutana na janga hili. Mkono wa breki umelegea, anampelekea fundi. Fundi anafungua chupa ya oili ya breki ya gari, DOT 3 au DOT 4, anajaza, anakaza kifuniko, anachukua hela yake. Siku hiyo breki inashika safi kabisa. Zikipita siku au wiki kadhaa mkono unakuwa mzito, hautaki kurudi, pedi zinasugua diski hata ukiachia. Mwisho oili inavuja kwenye mkono au pembeni ya pistoni. Mwenye baiskeli akirudi kulalamika anaambiwa "hizi za mtumba ndivyo zilivyo". Uongo mtupu! Breki ilikuwa nzima, imeuliwa na fundi.

Kwenye kifuniko cha mkono wa breki ya Shimano pameandikwa wazi: mineral oil. Oili ya madini na DOT haziivi chungu kimoja. DOT ni ya glaikoli, na raba za sili za Shimano hazikutengenezwa kuistahimili. Zinavimba na kulainika. Na muelewe kinachorudisha pistoni ndani ya kalipa (kile chuma kinachobana pedi kwenye diski) ni sili yenyewe: ukibana mkono inajipinda, ukiachia inajinyoosha na kuivuta pistoni nyuma. Sili ikishavimba, pistoni inabaki imeng'ang'ania nje. Sasa chukua breki ya namna hiyo ushuke nayo kutoka Lushoto kuja Mombo, mteremko wa karibu mita 1,000. Pedi zinasugua njia nzima, joto linapanda, na unapofika kona kali mkono unagusa usukani.

Na msidanganyane kwamba utamwaga DOT, utasuuza na kujaza oili sahihi. Raba iliyovimba hairudi ilivyokuwa. Shimano haiuzi sili za ndani za kalipa wala za mkono, kwa hiyo ni kununua breki nzima. Fundi kaokoa hela ya chupa moja ya oili, mteja kapoteza mkono, kalipa na hozi.

Kinyume chake pia kinaua. Kampuni nyingine, SRAM, breki zake za Guide, Level na Code zinatumia DOT 4 au 5.1, ukiweka oili ya madini sili zake ndizo zinazovimba. Lakini SRAM hao hao DB8 na Maven zao ni za oili ya madini! Magura na Tektro ni madini, Hope ni DOT. Ndiyo maana nasema usikariri jina la kampuni, soma kifuniko. Na DOT 5 siyo DOT 5.1, ile ni ya silikoni, haiingii kwenye breki yoyote kati ya hizi.

Kutoa upepo ulioingia kwenye oili ya breki nako siyo kazi ya kubahatisha. Unavua tairi, unatoa pedi, unarudisha pistoni ndani na kuweka kile kipande cha plastiki cha njano kati yake. Asiye nacho achonge cha upana uleule, kwa sababu ukijaza oili pistoni zikiwa zimetoka nje, pedi mpya hazitaingia. Mkono unaulaza sambamba na ardhi, unafungua skrubu ya juu kwa alenki ya milimita 2.5, unafunga faneli ya kujazia oili. Bomba la sindano lenye mpira linakaa kwenye nipeli ya kalipa, ile skrubu ya kupitishia oili; modeli nyingi ni spana namba 7. Legeza nipeli kiasi cha moja ya nane ya mzunguko, sukuma oili kutoka chini kwenda juu mpaka inayotokea kwenye faneli isiwe na mapovu, kisha funga. Ondoa bomba, weka mpira na mfuko, fungua tena, acha oili ishuke yenyewe huku unaongeza kwenye faneli na kuigongagonga hozi na kalipa. Hapa ndipo wengi wanakimbilia kumaliza, na upepo uliojificha kwenye kalipa unabaki humohumo. Funga nipeli, bana na kuachia mkono taratibu, uinamishe kidogo mbele, kisha nyuma, mpaka mapovu yaishe. Skrubu ya juu inakazwa kidogo sana, Nm 0.3 hadi 0.5, ukitumia nguvu unachana nyuzi zake na mkono umekwisha. Chupa ya mililita 100 inatosha breki zote mbili, mbele na nyuma. Mililita 100 tu, halafu mtu anakwambia oili sahihi ni ghali!

Kingine kinachonitia uchungu ni bisibisi. Baiskeli imevuliwa tairi ili iingie kwenye buti la basi, mtu kabana mkono bila kuweka kitu kati ya pedi, pedi zimegandana. Fundi anachomeka bisibisi ya chuma katikati ya pistoni na kukwanyua. Pistoni za modeli nyingi za Shimano ni za kauri: ukingo unamegeka, na hata ufa mwembamba kama unywele unatosha kuvujisha oili kila ukibana. Acha pedi kuukuu zikae kama kinga, au toa pedi utumie kipande cha plastiki kutandulia tairi, ukisukuma katikati ya pistoni, siyo ukingoni.

Breki inapiga kelele? Msipulizie WD-40! Pedi inanyonya mafuta. Kuzichoma kwenye jiko la gesi ni kujifurahisha, zikilowa oili tupa. Diski ifutwe kwa alkoholi ya aisopropili na kitambaa kisafi, weka pedi mpya, kisha zizoeshe: kama mara 20, toka mwendo wa wastani punguza mpaka mwendo wa kutembea, bila kufunga tairi. Diski za bei ya chini nyingi zimechongwa "resin pad only", yaani pedi za resini tu. Ukiweka pedi za metali unailamba diski. Diski ikifika unene wa milimita 1.5 badilisha.

Wauzaji nanyi mnahusika. Mnaagiza baiskeli zenye breki hizi kontena kwa kontena, dukani hakuna hata chupa moja ya oili yake. Mteja afanye nini kama siyo kwenda kwenye duka la spea za magari?

NIMEONGEZA: Kwa mnaouliza kuhusu oili ya jeki. Hiyo ni ya madini, haitaua sili kama DOT, lakini uzito wake ni tofauti na haikutengenezwa kwa tundu jembamba la hozi ya baiskeli. Mimi siiweki. Na mliokwisha kuwekewa DOT kwenye Shimano, msiipande hiyo baiskeli mlimani hata kama leo inashika. Mrudishieni fundi, mwonyesheni kifuniko, mdai breki mpya.