Tunahamia Unguja kutoka Mwanza: Mji Mkongwe, Michenzani au Fuoni?

mgeni_wa_ziwa: Habari zenu wakuu. Nimehamishiwa Unguja kikazi, ofisi iko Maisara. Nakuja na mke na mtoto wa darasa la pili. Sisi ni Wakristo na hatujawahi kuishi Pwani. Nimepata vyumba viwili Mji Mkongwe, fleti Michenzani na nyumba nzima Fuoni. Kodi zote nazimudu. Hofu yangu ni mke kukaa mpweke.

damu_ya_kikwajuni: Mji Mkongwe gari haliingii vichochoroni, mtungi wa gesi unabebwa begani. Nyumba nyingi zimekuwa za watalii, leo jirani huyu, kesho mwingine. Faida ni kwamba kanisa Katoliki la Minara Miwili na kanisa la Anglikana la Mkunazini mtakwenda kwa miguu. Mimi nasema Michenzani. Watu tele na kazini unafika upesi.

mama_tungule: Kaka, mimi nimetoka Dodoma. Nilianza Michenzani, sasa Fuoni mwaka wa nne. Kule tulijuana kwa sura tu, ngazini. Huku Fuoni, Ramadhani ya kwanza, magharibi nikasikia hodi: mtoto wa jirani na sahani ya tambi. Nikaiosha, nikairudisha. Bibi mmoja akaniita pembeni, "Mwanangu, sahani hairudi tupu." Kesho yake nikapeleka muhogo wa nazi, na toka siku hiyo mlango wangu haukauki watu.

Mkeo awe na kanga na mtandio karibu. Mchana wa Ramadhani kuleni ndani ya nyumba, hata mtoto asitoke na andazi mkononi. Kula hadharani watu hukamatwa. Sokoni nyanya ni tungule, viazi ni mbatata. Ukiambiwa mtoto yuko chuoni, ujue yuko madrasa.

mgeni_wa_ziwa: Ahsante dada. Sasa wenzake wakienda chuo, wangu atacheza na nani?

mama_tungule: Sikufichi, hiyo ndiyo saa ngumu. Wangu alikuwa anakaa kizingitini akiwasubiri. Wakirudi wanacheza mpaka adhana ya magharibi.

upepo_bububu: Fuoni sawa, ila foleni ya asubuhi uihesabu.

mgeni_wa_ziwa: Jumamosi tunakuja na mke. Fuoni tutaiona jioni, watoto wakiwa nje.

mama_tungule: Vizuri. Kabla hujampa dalali hela, mkeo apige hodi nyumba za pande zote mbili. Watu wazima awape shikamoo, na akikaribishwa ndani avue viatu, akae.