Kitako cha 1/35 chenye ukuta wa matumbawe: kadibodi inajikunja, stairofomu inayeyuka

Mchongameno:
Wakuu, habari zenu. Natengeneza kitako cha vijisanamu viwili vya 1/35 (yaani vidogo mara 35 kuliko watu halisi), mvuvi na mchukuzi, wamesimama kando ya ukuta uliobomoka wa nyumba ya mawe ya pwani, kama ile ya magofu ya Gede. Dukani nataka kununua gundi na rangi tu. Nilivyonavyo: boksi la TV na stairofomu yake, trei la mayai, CD mbovu, vijiti vya mishkaki, mchanga wa baharini. Matatu yamenishinda. Kadibodi imenyanyua pembe zote nne baada ya kupakwa gundi na mchanga. Rangi ya kopo ya kupuliza imeitafuna stairofomu. Na mchanga, wiki moja baada ya kukauka, umeota unga mweupe. Pia ukuta wenyewe unajengwaje?

Seremala Mdogo:
Mkuu, kadibodi inakunywa maji ya gundi upande wa juu tu, halafu gundi ikikauka inasinyaa na kuvuta pembe. Kuikandamiza na vitabu baada ya hapo ni kujisumbua. Ukiing'ang'ania, bandika tabaka tatu, mifereji ya kila tabaka ikikatiza ya mwenzake, na siku utakayopaka juu paka gundi ileile chini, ili pande zote mbili zivutane sawasawa.

Lakini kama una CD, kadibodi ya nini? CD ina kipenyo cha mm 120, unene mm 1.2, na maji haiyajui. Tatizo wengi wanabandika upande wenye maandishi. Ule utando unaong'aa umekaa chini tu ya chapa. Ukivutwa kidogo unabanduka pamoja na ardhi yako yote. Igeuze, upande unaosomwa na mashine uwe juu, ukwaruze kwa msasa namba 120 hadi ung'aavu uishe kabisa. Ziba tundu la katikati kwa kipande cha kadi, kisha stairofomu ibandike kwa gundi ya mirija miwili (epoksi). Gundi nyeupe ya mbao haishiki plastiki nyororo.

Rangi ya kopo ina vimumunyisho vinavyoyeyusha stairofomu, na supaglu nayo huila. Changanya gundi nyeupe na rangi ya maji, nusu kwa nusu, upake tabaka mbili, la kwanza likauke kabisa kabla ya la pili. Tundu la sindano ulilolisahau linatosha kuingiza vimumunyisho vikala ndani huku juu pakionekana pazima. Kwa hiyo hata baada ya kuziba, mimi ningepaka kwa brashi tu.

Unga mweupe ni chumvi. Osha mchanga kwa maji yasiyo na chumvi mara nne, anika, kisha chekecha kwa chujio la chai. Kwenye 1/35 chembe ya mm 1 ni jiwe la sm 3.5. Zilizopita kwenye chujio ndizo udongo, zilizobaki ni kokoto, nyunyiza chache tu.

Bi Kijiti:
CD sawa, ila ni nyepesi, ukuta ukiwa upande mmoja itapinduka. Bandika nati moja au mbili kubwa chini, upande wa pili.

Tuje kwenye ukuta. Kuta za nyumba hizo zina unene wa nusu mita hivi, yaani mm 14. Kata kiini cha stairofomu mm 10, kila upande uongeze mm 2 za trei la mayai. Mawe ya sm 15 hadi 30 yanakuwa mm 4 hadi 9. Usikate kwa mkasi ukaacha pembe kali, utapata ukuta wa matofali. Rarua vipande kwa vidole, nyofoa pembe, na upande wa trei unaokwaruza uangalie nje, maana vijitundu vyake vinafanana na matundu ya matumbawe. Panga bila mistari iliyonyooka. Mapengo yajaze kwa putii ya ukutani iliyolegezwa kama uji mzito, kisha ufute uso wa mawe kwa sponji yenye unyevu kabla haijakauka.

Mahali pawili au patatu acha lipu iliyobaki: putii nene mm 0.5, ikikauka ibandue ukingo kwa ncha ya kisu. Ukuta wa mawe matupu kuanzia juu hadi chini unaonekana wa boma la kondoo, si wa nyumba ya mtu.

Boriti za mikoko: kijiti cha mishkaki cha mm 3 kinakupa boriti ya sm 10.5, kipimo kinachoaminika. Vunja kwa mkono ili mwisho wake uchanike nyuzi.

Rangi isiwe nyeupe. Paka kijivu chenye tone la kahawia. Kikishakauka, mwagia nyeusi-kahawia iliyoyeyushwa kwa maji mara kumi na tone moja la sabuni ya vyombo. Bila sabuni maji yanajikusanya matone juu ya mawe badala ya kuingia nyufani. Malizia kwa brashi karibu kavu yenye rangi ya maziwa. Juu ya ukuta, mvua inapopiga, zidisha weusi.

Usumba:
Nyasi: kata nyuzi za katani mm 8 hadi 10 (hiyo ni nyasi ya sm 28 hadi 35), zisimamishe kwenye tone la gundi kwa kibanio cha nyusi, mafungu ya nyuzi kumi hadi kumi na tano. Kichaka kikavu kinatoka kwenye makumbi ya nazi. Majani ya chai yaliyotumika ni mazuri kwa takataka za chini ya miti, ila yaanikwe juani siku mbili kamili. Yakiwa na unyevu yanaota ukungu chini ya gundi. Na jamani, unga, sukari, mchele, kahawa ya kuyeyusha, visitumike. Sisimizi watakipata hicho kitako kabla ya wageni wako.

Mchongameno:
Shukrani sana. Moja la mwisho: vijisanamu vikisimama juu ya mchanga vinaonekana vinaelea.

Seremala Mdogo:
Kwa sababu unabandika mwisho, ardhi ikiwa imeshakauka. Tengeneza tope: vijiko 4 vya vumbi la mbao lililochekechwa, 2 vya gundi nyeupe, 1 cha rangi ya maji ya kahawia, maji kidogo. Rangi iwe ndani, ili pakimeguka pasionyeshe weupe. Tandaza mm 3, si zaidi, likizidi linapasuka.

Likiwa bado bichi, funika nyayo kwa nailoni nyembamba, kandamiza kijisanamu, kiinue, bandua nailoni. Alama ya kina cha nusu milimita inatosha. Likikauka, toboa unyayo tundu la mm 1, ingiza kipande cha klipu ya karatasi kwa supaglu, kiache kitokeze mm 8. Toboa mwenzake kwenye alama, lakini huku tumia gundi ya mirija miwili, maana chini kuna stairofomu. Yule mchukuzi mpe klipu miguu yote miwili, mzigo kichwani unamvuta.