Mrejesho: jamaa wa Spec Miata anayetuacha kwenye mnyooko na kutugonga konani

Wakuu, niliuliza nifanyeje na mpinzani wa Spec Miata (daraja la mbio za Mazda Miata zinazofuata kanuni moja, chini ya klabu ya SCCA, Marekani) ninayemshuku kuchezea injini, na konani anatugonga kwa bampa. Mlisema kweli: hayo ni malalamiko mawili, kila moja na karatasi yake.

Lalamiko la kugongwa limekubaliwa. Ukiandika, taja mzunguko, namba ya kona, na gurudumu lako la mbele lilifika wapi ubavuni mwake alipoanza kukunja. Ambatisha video. Dirisha ni dakika 30 tu tangu matokeo ya awali yabandikwe, kwa hiyo usianze kwa kubishana naye pitini (eneo la kuhudumia magari).

La injini nimeliacha. "Nahisi anaiba" haipokelewi, lazima utaje kifaa cha injini unachokishuku. Uwiano wa mgandamizo hupimwa kupitia tundu la plagi, lakini njia za hewa zilizokwanguliwa ili kuongeza nguvu hazithibitiki mpaka silinda hedi (sehemu ya juu ya injini) ifunguliwe, na wewe mlalamikaji unaweka dhamana ya gharama ya kuifungua. Gari likikutwa halali, pesa imekwenda.

Linganisheni data za GPS kwanza. Mkitoka konani kwa kasi sawa na bado anakuacha, shuku injini au uzito. Huyu anatoka na kasi zaidi: anakanyaga mafuta mapema. Basi.