Kubadilisha paa Majengo, kwani lazima kibali?

Mwana_Majengo
Assalamu alaikum wakubwa. Nina nyumba ya Kiswahili hapa Majengo, Mombasa, ya marehemu baba. Mabati yameliwa na chumvi mpaka ukilala chumbani waona nyota. Masika ndiyo hayo yaja na fundi yuko tayari. Juzi wamekuja watu wawili wakauliza kibali kiko wapi. Hawakuonyesha kitambulisho, wakasema watarudi. Je, kubadilisha paa la nyumba yangu mwenyewe kwahitaji kibali? Naomba ushauri wa haraka.

FundiNyundo
Kaka, swali lako la kwanza liwe geji, yaani unene wa bati. Watu wa pwani wanunua geji 32 kwa sababu ni rahisi, kisha waja kulia. Nambari ikipanda bati linakuwa jembamba. Chukua 28, na misumari iwe na mpira, maana kutu huanzia kwenye tundu la msumari. Fito za zamani pia ziangalie, mchwa hana adabu. Kibali cha nini? Kwani wajenga hoteli?

MamaSalma
Msimsikize huyo. Kaka yangu alipobomoa paa Tudor, kumbe ni yale mapaa ya kijivu ya asibesto. Vijana walikuwa wayavunja kwa nyundo, vumbi mpaka kwenye sufuria za jirani! Asibesto kisheria ni taka ya hatari, hutolewa na mtu mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Mpaka leo jirani akikohoa watuangalia sisi.

Mwana_Majengo
Langu ni bati tupu, dada. Turudi kwenye kibali.

Barazani
Shukuru hauko Mji wa Kale. Kule ni eneo la hifadhi tangu 1990, hata mlango hubadilishi kabla ya kupita kwa watu wa hifadhi wa Makavazi ya Kitaifa, wale wa makumbusho. Shemeji yangu alitaka kuweka dirisha la alumini, mambo aliyoyaona ni hadithi ya siku nyingine.

Kusi_Mwanana
Mwana_Majengo, maswali mawili. Wang'oa bati na kuweka bati palepale, au kuna kuta zinapanda? Na hati ya kiwanja ina jina la nani?

Mwana_Majengo
Nyumba ni yetu. Sote tumezaliwa humo, na babangu aliijenga kwa jasho lake.

Kusi_Mwanana
Nimeuliza kiwanja, sikuuliza nyumba.

Mwana_Majengo
Haya basi. Ardhi si yetu, twalipa kodi ya ardhi kama nusu ya Majengo inavyolipa. Na kuta zitapanda kidogo, futi nne hivi, tupate chumba cha juu. Lakini mabati nishanunua, yako barazani kwa jirani. Fundi nishampa rubuni. Mwataka nifanye nini, niyarudishe dukani?

NahodhaMstaafu
Kijana, hapo ndipo ulipoficha jiwe kwenye mchele. Nyumba bila ardhi ni jambo la kwetu pwani: mwenye nyumba mmoja, mwenye ardhi mwengine, na wazee walielewana kwa mdomo. Wazee wale washazikwa. Wajukuu wataka karatasi. Na ndugu zako, mirathi ishagawanywa? Wamekubali uguse nyumba? Mali ya marehemu haina "yangu mwenyewe" kabla ya mgao.

Mwana_Majengo
Dada zangu wako Kilifi na wengine Lamu, hawana neno.

Kusi_Mwanana
Hawana neno au hawajaambiwa?

Sasa sikiza. Bati kwa bati ni ukarabati, na hata hapo ningepita ofisi ya mipango ya kaunti niulize kabla ya kuezua. Ukiinua kuta umeingia kwenye ujenzi hasa. Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019 yataka idhini kabla hujaanza, na faini ni hadi shilingi 500,000 au kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote. Zaidi ya hapo, asiyekuwa mmiliki wa ardhi aliyeandikishwa lazima aambatanishe idhini ya maandishi ya mmiliki. Bila barua yake, ramani yako hata iwe nzuri vipi haisogei. Ukijenga kimyakimya unaweza kuletewa notisi ya kukutaka urudishe jengo lilivyokuwa.

Sasa niambie: kwa nini chumba cha juu, na kwa nini sasa hivi?

Mwana_Majengo
Mjukuu wa mwenye ardhi ataka kuuza. Amesema mnunuzi atatulipa nyumba zetu. Yenye chumba cha juu si bei moja na hii ya chini. Baba alilipa kodi maisha yake yote, nikipandisha thamani kosa langu liko wapi?

Kusi_Mwanana
Kumbe paa halivuji, linahesabu fidia.

Mwana_Majengo
Lavuja pia!

MamaSalma
Na huyo mjukuu ndiye utakayemwomba barua ya kukuruhusu umpandishie bei. Hahaha, mwambie akuchoree na ramani.

Mdadisi_001
Samahani wakubwa, mwapoteza bando. Kwenye ukurasa wa bidhaa kuna mtu auza mabati ya geji 30, "yako barazani kwa jirani, Majengo". Neno kwa neno. Huyu hana nyumba wala mjukuu. Ni muuza mabati atafuta wateja kwa machozi.

Barazani
Lo! Na mie nishamhurumia.

NahodhaMstaafu
Nirudishiwe ushauri wangu.

Mwana_Majengo
Wallahi tangazo ni langu na nyumba ipo. Fundi alihesabu vibaya, mengine yamebaki. Nilitaka kuuza nipate pesa ya mchora ramani. Muuza mabati gani aanze kuwahadithia kesi ya mirathi?

Mdadisi_001
Paa hujaezeka, umejuaje yamebaki?

Mwana_Majengo
Fundi amepima.

FundiNyundo
Geji 30? Fundi gani huyo, yakhe? Haya, ni ya futi ngapi, na mwisho wako ni bei gani?

Kusi_Mwanana
Usimuuzie kabla hujaongea na dada zako. Wao pia wana haki katika hayo mabati kama yalinunuliwa kwa kodi ya vile vyumba vya mbele.

Mwana_Majengo
Nani amekwambia kuna vyumba vya mbele?