Mafundi mnatuulia kompyuta nzima! Kustaki kwenye kuristati siyo mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) mbovu

Wakuu, nimekasirika na sifichi.

Nasimamia chumba cha kompyuta cha shule ya sekondari huku mkoani. Tuna mashine za mezani 12, mitumba ya mwaka 2011, RAM GB 4 kila moja, zote zinatumia mfumo endeshi wa Linux. Likizo ya mwezi wa sita tulimwita fundi atupandishie toleo la Linux, maana la zamani lilishaacha kupewa masasisho. Akafanya, akalipwa, akaenda zake.

Shule kufunguliwa, mashine 9 ukiziambia ziristati zinastaki. Kioo cheusi, mstari mmoja mweupe: "reboot: Restarting system". Basi. Feni inazunguka, taa inawaka, kibodi haiitiki. Nenda kafundishe kipindi kizima, ukirudi unaukuta mstari uleule. Mpaka ukandamize kitufe cha kuwashia izimike. Ukiiwasha, inawaka vizuri kabisa.

Fundi akarudi. Ule mstari hata hakuusoma! Dakika tano tu, akatoa hukumu: "Mwalimu, mazabodi zimechoka, hizi zote ni za kubadilisha." Akabeba mbili akazicheki kwake, akaacha karatasi ya bei za mashine mpya. Mkuu wa shule akaanza kupanga mchango wa wazazi. Wazazi ambao ada ya mtihani wa majaribio tu wanailipa kwa mafungu! Wachangie kitu ambacho hakijafa?

Mazabodi iliyokufa haiwaki, fundi. Hizi zinawaka na zinafanya kazi kutwa nzima. Mfumo ukifika kwenye mstari ule umeshafunga programu na kuziachia diski, kilichobaki ni kuiamuru mashine ianze upya. Linux ina njia kadhaa za kutoa amri hiyo, na majina yake ni: ACPI, kidhibiti cha kibodi, EFI, BIOS (programu ya kwenye mazabodi inayoiwasha mashine), na ile ya kuandika kwenye poti 0xCF9 inayoitwa pci. BIOS nyingi za zamani zinadai zinaijua njia fulani, ikitumika zinaduwaa. Hili linajulikana kiasi kwamba ndani ya kerneli (kiini cha Linux) kuna orodha ya mashine zinazopewa njia yake maalumu, Dell OptiPlex 745 na 990 zikiwemo. Zetu ni za kampuni nyingine, hazimo, kwa hiyo lazima uziambie mwenyewe.

Nilikaa nazo usiku mmoja. Kwenye menyu ya GRUB (ile inayokuja kabla Linux haijaanza kuwaka) unabonyeza e, unaenda mwisho wa mstari unaoanza na linux, unaongeza reboot=pci, kisha Ctrl+X. Ikishawaka, ristati. Ya kwanza ilipozima na kuwaka yenyewe nilipiga kelele hadi mlinzi akaja dirishani. Ili ibaki hivyo, fungua /etc/default/grub, ongeza maneno hayohayo ndani ya alama za kunukuu za GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, hifadhi, halafu kwenye terminal andika amri sudo update-grub. Mashine 6 zikapona. Ya 7 iliikataa pci, ikakubali reboot=bios. Gharama: shilingi 0.

Ila ukiona "A stop job is running" na sekunde zinahesabiwa kuelekea dakika 1 na nusu, huo ni ugonjwa mwingine: kuna huduma (programu ya chinichini) imegoma kufungwa. Ishughulikie hiyo huduma, usihangaike na njia za kuristati.

Kinachoniuma ni zile mbili alizobeba. Leo nimempigia, anasema moja ameshaifungua na RAM zake "zimemsaidia mteja mwingine." Mali ya shule! Kesho saa mbili asubuhi niko dukani kwake na daftari la mali, namba za mashine zimeandikwa humo. Kama kuna mwenye uzoefu wa kudai kifaa cha shule kilichonyofolewa vipuri na fundi, aniambie nianzie wapi akikataa kunirudishia.